Pistoni Ndani ya Kikapu cha Maziwa

Niliondoka Isiolo kwa sababu ya pistoni. Watu wa sokoni wanasema nilienda kutembea. Mimi sitembei ovyo. Ngamia wangu wa maziwa, wale ambao mnakunywa maziwa yao kila siku kutoka kwangu, walikuwa wamepotea. Simba alifika usiku kambini kwa mchungaji wangu Guyo, upande wa Garbatulla. Hakukamata mnyama hata mmoja, lakini ngamia wakubwa walivunja boma la miiba wakakimbia. Guyo alifuata nyayo mpaka upepo ukazifuta. Ndama wao walibaki, kwa sababu ndama hulala ndani ya boma lao dogo. Sasa fikirieni wenyewe: ndama yuko hapa, titi liko porini. Ndama kama huyo hana siku nyingi. Na akifa, mama hata akipatikana, maziwa yanakatika.

Basi mjukuu wangu Hodan, binti wa kijana wangu Abdi, akaenda kuwatafuta kwa ndege. Msifikirie ndege ile ya kubeba abiria. Hii ni magurudumu matatu, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bawa moja la kitambaa juu, na injini mgongoni. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Nanyuki, aliyemfundisha Hodan kuirusha mpaka akapata leseni, na mfugaji akipoteza mnyama, Hodan anaitwa. Siku ya kwanza tu ya kuwatafuta ngamia wangu, bomba linalopitisha maji ya kupoza injini likapasuka. Injini ikachemka, pistoni ikakwaruzwa. Akatua salama karibu na kambi ya Guyo, akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akanipigia. Yeye huniita Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali.

"Ayeyo, mzee amenitumia pistoni, ringi, gasketi na bomba kutoka Nanyuki. Vitafika Isiolo jioni. Tafuta mtu wa kuniletea, na petroli safi ya mjini."

"Mtu gani?"

"Yeyote unayemwamini."

Nilikaa nikawahesabu watu ninaowaamini. Kisha nikafunga kikapu changu.

Asubuhi, kwenye stendi ya pikapu za maziwa, nilimkuta Kirimi akipakia mitungi. Kirimi ni Mmeru wa Maua, dereva anayetubebea maziwa sisi kina mama wa sokoni. Asubuhi anaenda na mitungi mitupu ya plastiki, jioni anarudi nayo ikiwa imejaa. Kila mama ana alama yake kwenye mpini ili mali zisichanganyike. Yangu ni uzi wa buluu. Huko kambini, mtungi wenye uzi wa buluu ukishuka tu kwenye gari, mke wa Guyo, anayeitwa Tume, anauchukua, anauosha, anaufukiza kwa moshi wa kuni zake, anaufunga. Hangoji kuambiwa. Ndiyo maana maziwa yangu hayaharibiki njiani. Likumbukeni hilo, mtaniuliza baadaye.

"Shosho, leo unaenda kukamua mwenyewe?" Kirimi akaniuliza.

"Naenda kutengeneza ndege."

Alicheka mpaka miraa ikamtoka mdomoni. "Si uanze na hii gari yangu? Klachi imenishinda."

"Gari yako ina ugonjwa mmoja tu, na huo umeshika usukani. Funga hayo madebe ya petroli vizuri, mbali na mitungi ya maziwa. Nikisikia harufu ya petroli kwenye maziwa, utayanywa wewe."

Aliyafunga vizuri. Mimi nikaketi mbele, kikapu magotini.

Tulipoacha mji, niliifungua ile pistoni kidogo niiangalie. Marehemu mume wangu alikuwa na malori, na babu yake alikuja Isiolo akiwa askari, kwa hivyo katika nyumba yetu chuma si kitu kigeni. Pistoni ya lori naijua, ni nzito, ukiiangusha mguuni unalia. Hii ilikuwa kama kikombe cha chai kisicho na mkono, inang'aa, nyepesi mpaka niliishika kwa vidole viwili. Nilishangaa. Kitu cha ukubwa huu ndicho kinambeba mjukuu wangu hewani? Sikujua kama niogope au nifurahi. Nikaifunga tena ndani ya leso.

Kulamawe tulisimama, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia. Milima ya Nyambene ilikuwa upande wa kulia, imefunikwa na mawingu, kana kwamba mvua yote Mungu ameiweka huko na sisi ametuachia vumbi. Mama wa hoteli akaniuliza kikapuni kuna nini nakikumbatia hivyo.

"Moyo wa ndege," nikamwambia.

"Wa kuku?"

"Wa chuma."

Aliniangalia, akaniongeza sukari bila kuulizwa. Nadhani alinionea huruma.

Baada ya Kulamawe tuliacha barabara kuu, na njia ikawa mbaya kama mnavyoijua. Kirimi anakwepa jiwe, anaingia shimo, anaomba msamaha, anakwepa shimo, anaingia jiwe. Mimi nilikinyanyua kikapu juu ya magoti kama mtu anayebeba mtoto mchanga, mpaka mikono ikafa ganzi.

Mchana tulifika kambini. Kabla ya kuona nyumba nilisikia ndama. Ndama wa ngamia akilia kwa njaa hulia kama mtu. Guyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma na fimbo yake, midomo imekauka, miguu imechubuka.

"Asalaam aleikum, Mama Abdi."

"Waaleikum salaam. Habari ya ngamia?"

"Nimewafuata mpaka kwenye mawe meusi. Pale upepo ulinishinda. Niseme nini? Nimekuaibisha."

"Ulimwita simba wewe?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, uonyeshe mahali pa kushushia petroli."

Tume alikuwa akiwanywesha ndama maji yaliyochanganywa na maziwa ya mbuzi, kwa chupa. Ni mwanamke mwembamba, maneno machache, mikono haitulii. Alinisalimu kwa Kiborana, "Nagaa?", nikamjibu, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu kuchukua mitungi ya uzi wa buluu. Nikamwambia, "Tume, leo hakuna maziwa ya kubeba." Akasema, "Mama, mtungi mchafu ukilala, unazoea." Akaibeba.

Hodan alikuwa chini ya kivuli cha bawa, ndani ya ovaroli, uso una grisi mpaka kwenye nyusi. Alinikimbilia kunikumbatia.

"Nilisema utafute mtu!"

"Nimemtafuta. Nawa mikono kwanza ndipo unishike."

Mchana huo wote tulifanya kazi pamoja. Mimi nilikuwa wa kupeana spana. Aliifungua injini, akanieleza huku akifungua, maana mimi nikishika kitu napenda kujua ninashika nini.

"Ayeyo, lori la babu lilikuwa na oili chini tumboni, si ndiyo? Hii haina tumbo. Oili inachanganywa na petroli, inakunywa vyote pamoja. Na pistoni ya lori inapanda na kushuka mara mbili ndipo iwake mara moja. Hii inawaka kila inapopanda. Haipumziki."

"Ndiyo maana ina kelele kama mke mwenza?"

"Ndiyo maana ni nyepesi na ina nguvu. Injini ya babu ukiifunga hapa, hatutoki chini."

"Na ukisahau oili?"

"Inajikwaruza, inakufa."

"Ukizidisha?"

"Inatoa moshi, plagi inalowa, inakohoa."

"Basi ni kama chumvi kwenye chakula cha wageni."

"Ni kama hivyo, isipokuwa wageni hawaanguki."

Hilo la mwisho sikulipenda, na nilimwambia.

Pistoni ya zamani ilipotoka, nilipitisha kidole ubavuni. Ilikuwa na mistari mirefu, kama mtu aliyepigwa kwa mwiba. Ukuta wa silinda, alhamdulillahi, ulikuwa laini. Hodan alinionyesha jinsi ringi inavyokaa: ina mwanya, na kwenye mfereji wa pistoni kuna kipini kidogo kama chembe ya mchele, na ule mwanya lazima ukae juu ya kipini, usipokaa ringi inavunjika. Halafu kuna klipi ndogo, inashikilia ule msumari mnene unaofunga pistoni kwenye mkono wake. Klipi hiyo ikiangukia ndani ya injini, kazi yote ni ya kufungua upya.

"Nipe kitambaa niizibe mdomo."

Kitambaa safi hakikuwepo. Nilivua leso yangu, akaiingiza kuzunguka ule mkono wa pistoni, akaanza kusukuma klipi kwa bisibisi. Mara ya kwanza iliruka kama panzi. Sote wawili tulipiga kelele. Tukaitafuta kwa macho, tukaiona imekaa juu ya leso, kwenye ua jekundu, imetulia kama inangojea kuchorwa. Nilicheka mpaka Guyo akaja kuuliza kuna nini.

Jioni injini ilikuwa imefungwa. Hodan alisema tutachanganya petroli na oili alfajiri, maana ndege hii hupenda asubuhi, hewa ikiwa baridi na nzito na upepo haujaamka. Lakini chombo chake cha kuchanganyia kilikuwa kimepasuka. Mbuzi wa Tume walikikanyaga. Nikachukua mtungi wangu mmoja mpya, uliobaki kwenye vitu vyangu, ambao haujawahi kuonja maziwa. Niliukagua kwa jua, mkavu, safi. Nikauweka kando ya madebe ya petroli, kifuniko juu yake, nikaenda kuswali.

Alfajiri nilikuta mtungi palepale nilipouweka, umefungwa. Hodan alitia oili kwa kipimo chake, akamimina petroli juu, akatikisa kwa nguvu mpaka ikawa rangi moja, akaichuja kwa kitambaa kuingia kwenye tangi. Akatoa kidogo chini ya tangi kwenye kichupa, akakiangalia dhidi ya mwanga uliokuwa bado mchanga. Akaridhika. Ndama walikuwa wamenyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kubaya kuliko kulia.

Ikawaka. Wenzangu, ile sauti! Ya lori inanguruma. Hii inapiga yowe, kama nyuki wote wa Nyambene wametiwa ndani ya debe. Moshi mdogo wa samawati ukatoka, wenye harufu tamu, na propela ikawa duara usiloliona. Aliiacha ipate joto, akaangalia saa zake zote za kupima injini, akanipungia mkono. Alisema kwanza ataruka peke yake, kuijaribu. Ikakimbia kwenye uwanda, magurudumu yakarusha vumbi, halafu vumbi likakatika, na nikaona hewa kati ya mtoto wangu na ardhi. Nilipiga vigelegele. Mimi! Mara ya mwisho nilipiga vigelegele kwenye harusi ya Abdi.

Ilikuwa imefika juu kidogo ya miti ndipo ikakohoa.

Mara moja. Ikashika. Ikakohoa tena. Kisha kimya.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha namna hiyo. Ule mdomo niliokuwa napigia vigelegele ulibaki wazi. Bawa likainamisha pua, ndege ikaja chini kama karatasi, bila sauti, ikanyooka karibu kabisa na ardhi, ikagusa, ikaruka, ikagusa tena, ikasimama mbali uwandani. Nilikimbia. Magoti yangu haya mnayoyajua, nilikimbia nayo. Nikamkuta ameshavua kofia, amekaa palepale kwenye kiti.

"Ni gasketi yangu," alisema. "Nimefunga vibaya. Nimeharibu, Ayeyo."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi shuka. Yamekwisha. Ngamia Mungu atawaleta akipenda. Wewe huingii tena kwenye hicho kitanda cha kuning'inia."

Aliniangalia. Macho yake ni ya babu yake, hayageuki.

"Ayeyo, ukikuta maji kwenye maziwa, unaacha kuuza maziwa?"

"Natafuta aliyeyatia maji."

"Basi niache nitafute."

Nikakaa chini. Alifungua kabureta, kile kibakuli kidogo kinachopokea petroli kabla ya kuingia kwenye injini, akakishika juani. Ndani, chini ya petroli, kulikuwa na matone mazito yanayotembea kama zebaki.

"Maji!" akasema, na uso wake ukafunguka. "Si gasketi. Ni maji kwenye petroli! Lakini yametoka wapi? Umeinunua wapi?"

Petroli nilinunua kwenye kituo ambacho malori yetu yalitumia miaka yote. Nikamwambia anipe kibakuli. Akaimwaga petroli polepole mpaka matone yakabaki peke yao, nikachovya kidole, nikaacha upepo uchukue petroli, nikanusa. Nikanusa tena. Wacha niwaambie: miaka yote hii niliyouza maziwa, kila asubuhi nafungua mtungi na kunusa kabla sijamwuzia mtu. Nyuma ya ile harufu ya petroli kulikuwa na moshi. Si moshi wa injini. Moshi wa kuni.

"Tume!" nikaita.

Alikuja akikimbia na chupa ya ndama mkononi.

"Jana jioni uliosha mitungi yangu?"

"Yote, mama."

"Na ule uliokuwa kando ya madebe?"

"Ulikuwa umesahauliwa kule peke yake. Una uzi wa buluu. Nikauosha, nikaufukiza, nikaurudisha mahali pake." Akamwangalia Hodan, akaiangalia ndege iliyokaa mahali pasipo pake, akaelewa. Chupa ikamwanguka. "Mimi nimemwangusha mtoto?"

Guyo akaanza kumfokea kwa Kiborana. Nikamkatiza. "Guyo, funga mdomo. Mwanamke huyu ameosha chombo changu bila kuambiwa, kama alivyoosha siku zote ninazomjua. Nikimgombeza kwa usafi, kesho nitamwambia nini kwa uchafu? Alama ni yangu. Mimi ndiye niliyeweka uzi wa maziwa kwenye kazi ya petroli."

Lakini tatizo lilikuwa lile lile. Petroli yote ya kuchanganya ilikuwa imepitia mtungi huo, na madebe yalikuwa matupu. Kirimi alikuwa amerudi Isiolo jana yake. Jua linapanda, upepo utaamka, na ndama mmoja alikuwa amelala ubavu.

Hodan akaomba chupa za maji za plastiki, zile unazoona ndani. Tukatafuta kambi nzima, tukazikausha kwa vitambaa na kwa jua, mimi mwenyewe nikikagua kila moja mpaka Tume akatabasamu. Tukaitoa petroli tangini, tukaijaza kwenye chupa, tukazisimamisha kwenye mstari kivulini. "Msiziguse," Hodan akasema. "Ngojeni."

Tukangoja. Na hapo nikaona kitu kilichonifanya nisimame. Chini ya kila chupa, polepole, maji yalijikusanya peke yao. Mstari ulikuwa wazi kama pindo la nguo: juu petroli, chini maji, hayagusani. Mimi nimepigana na maji maisha yangu yote. Mtu akitia maji kwenye maziwa, maziwa yanamficha. Yanamkaribisha, yanampa rangi yao, na wewe mnunuzi unabaki kubahatisha kwa ulimi. Petroli haifichi mtu. Iache tu itulie, itakuonyesha mwizi amekaa wapi.

Tukamimina ya juu tu, taratibu, kwenye madebe yaliyokauka. Ya chini tukaimwaga mbali. Hodan alisafisha tangi, mabomba, kibakuli, akabadilisha plagi. Zile alizotoa alinionyesha: rangi ya chai ya maziwa, akasema hiyo ndiyo rangi nzuri, injini yenyewe haina ugonjwa. Akatoa tena petroli ya kuangalia, akangoja, akaangalia, akangoja. Alasiri upepo ulipolala aliruka peke yake, akazunguka kambi, akazunguka tena, na ile sauti haikukohoa hata kidogo. Safari hii sikupiga vigelegele. Nilihesabu pumzi zangu mpaka aliposhuka.

"Sasa nahitaji macho," akasema. "Guyo anawajua."

Guyo akarudi nyuma hatua kadhaa. "Mimi simba namfuata kwa miguu. Hiyo, hapana."

"Nipe ovaroli," nikasema.

Nguo pana hairuhusiwi, propela inakaa nyuma ya kiti cha nyuma na inaweza kuivuta. Nikavaa ovaroli ya Hodan ya akiba juu ya nguo yangu, nikafunga shashi yangu ya kichwani vizuri ndani ya kofia ngumu yenye masikio ya kusikilizia. Tume alitazama pembeni kwa heshima. Guyo hakutazama pembeni.

"Mama Abdi, umekuwa fundi wa reli."

"Na wewe umekuwa mke wa fundi. Lete maji ninywe."

Alasiri hiyo, jua likiwa limeinama, nilitoka ardhini. Injini ilikuwa mgongoni kwangu, naisikia kwenye mifupa, na kila zile pistoni mbili zilipopiga nilijua mojawapo nimeibeba mimi kwa kikapu. Miti ikawa vichaka, vichaka vikawa madoa. Nyumba ya Tume ikawa kama bakuli lililofunikwa. Nilitaka kuogopa, lakini nafasi haikuwepo. Furaha ilikuwa imekaa mahali pote.

"Ayeyo, usitafute ngamia," sauti ya Hodan ikasema masikioni. "Ngamia ni rangi ya udongo. Tafuta vivuli."

Tulipita mawe meusi ya Guyo. Tukafuata laga, ule mto wa mchanga usio na maji. Niliona twiga, niliona swala, niliona kivuli chetu wenyewe kikikimbia chini kama mwewe. Na mbele kidogo, kwenye kona ya laga, niliona vivuli virefu vyenye miguu minne, vimesimama mchangani kama meza za hotelini.

"Geuza! Geuza gari!"

"Ayeyo, usinipige mgongoni, nakusikia!"

Tukazunguka juu yao. Kulikuwa na dimbwi lililobaki kwenye mwamba, nao wamelizunguka. Barwaqo alikuwa katikati, yule mkubwa mwenye uso mweupe na kengele ya ubao shingoni. Aliinua kichwa akatuangalia kwa dharau yake ileile ya siku zote. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena. Wote. Machozi yalinitoka, na huko juu upepo huyakausha kabla hayajafika shavuni, kwa hivyo hakuna aliyeyaona, na mkiniuliza nitakataa.

Guyo alipoambiwa ni laga ipi na kona ipi, hakungoja chai. Siku ya pili mchana tulisikia kengele ya ubao kabla ya kuona vumbi. Tume alifungua boma la ndama. Yule aliyekuwa amelala ubavu ilibidi tumbebe, mimi na Hodan, tukamweka chini ya Barwaqo, tukashika kichwa chake mpaka akakamata titi. Akanyonya.

Siku ya kurudi, Kirimi alipakia mitungi yangu ikiwa imejaa. Tume akanijia na ule mtungi mmoja ulioonja petroli. Kwao, chombo cha mgeni hakirudi kitupu, na maziwa humo hayawezi kuingia tena. Alikuwa ameukata mdomo wa juu kwa kisu, akaujaza kuni zake za kufukizia, zimekatwa sawasawa, zimefungwa kwa uzi. Uzi mwekundu. Wa buluu alikuwa ameung'oa.

"Huu usije ukachanganyika tena," akasema.

"Hautachanganyika," nikasema.

Kirimi akaniuliza kama ndege imepona. Nikamwambia ndege imepona, imebaki klachi yake.

Sasa niko mahali pangu sokoni kama kawaida. Mnaponikuta asubuhi nimeinamisha mtungi mtupu chini juu, naungoja, naungoja, na nyinyi mnaguna mnasema mama huyu anachelewesha watu, basi mjue ninachongoja. Hutoka tone moja baadaye sana, wakati mtu ameshasema ni mkavu. Mtungi huo unarudi juani. Na siku nyingine Hodan hupita juu ya mji akielekea kwa mfugaji fulani, ile sauti ya nyuki ndani ya debe. Siku hiyo kikombe kikiwa mkononi mwangu, kitangoja, na wewe mnunuzi utangoja. Nasimama, nasikiliza mpaka ipite yote, mpaka ng'ambo, bila kukohoa. Ndipo nakumiminia.